Walielea kweli? Jinsi kichupa cha OK Go kilivyopigwa ndani ya ndege

Kuna video moja isiyochoka kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wanaume wanne wamekaa kwenye viti vya ndege. Ghafla vitu walivyoshika vinaanza kuelea, wao wenyewe wananyanyuka, wanapinduka miguu juu kichwa chini, wahudumu wawili wa kike wanajikunja na kujizungusha hewani, na mwishoni maputo yaliyojazwa rangi yanapasuka, rangi inatapakaa kwa matone makubwa yasiyoanguka. Kila inaporudi, mabishano ni yale yale. Wapo wanaoapa kwamba hao watu walikuwa anga za juu. Wapo wanaosema ni michoro ya kompyuta. Siku hizi limeongezeka kundi la tatu, tena ndilo lenye sauti kubwa: hiyo ni akili mnemba, msidanganyike.

Makundi yote matatu yamekosea. Lakini hata wale wanaowajibu kwamba kila unachokiona ni halisi na kilipigwa mfululizo bila kukatwa popote, nao wamepatia nusu tu. Watu walielea kweli, na rangi iliwarukia kweli. Kilichochezewa ni saa. Ukishaelewa saa ilivyochezewa kwenye video hii moja, utakuwa umeelewa mengi yanayofanywa kwenye video za muziki popote, hata hizi za kwetu za Bongo Fleva.

Tuwajue wahusika kwanza. OK Go ni bendi ya roki iliyoanzia Chicago mwaka 1998, baadaye ikahamia Los Angeles. Wako wanne: Damian Kulash anaimba na kupiga gitaa, Tim Nordwind yuko kwenye besi, Dan Konopka kwenye ngoma, Andy Ross kwenye gitaa na kinanda. Wimbo unaitwa “Upside Down & Inside Out” na umo kwenye albamu yao ya mwaka 2014. Video ilitoka Februari 2016, ikiongozwa na Kulash pamoja na dada yake, Trish Sie. Mwaka huo peke yake unatosha kulijibu kundi la akili mnemba: mwaka 2016 hapakuwa na programu ya kuandikia sentensi ikakutolea video ya namna ile.

Sauti kwanza, picha baadaye

Kichupa ni filamu fupi inayotengenezwa kuufuata wimbo ambao tayari upo. Mpangilio huo tusiupite haraka. Wimbo unarekodiwa studio, unachanganywa, unakamilika. Huenda umekwisha kupigwa redioni miezi kadhaa. Ndipo bendi na dairekta wanaenda lokesheni, wanaweka spika, wanaufungulia wimbo huohuo, na mwimbaji anaufuatisha kwa mdomo huku kamera ikimpiga. Hiyo ndiyo plebeki. Sauti utakayoisikia mwishoni ni ile ya studio. Sauti iliyonaswa lokesheni, pamoja na kelele zake za jenereta na watoto waliokuja kushangaa, inatupwa.

Maneno mengine mawili yatatusaidia. Teki ni kipande kimoja cha picha, tangu kamera inapoanza kurekodi mpaka inaposimamishwa. Mkikosea mkaanza upya, hiyo ni teki ya pili. Uhariri ni kazi ya baadaye, ya kuchagua teki zilizofaa, kuzikata na kuziunga juu ya ule wimbo wa studio.

Watu wengi wakisikia neno plebeki wanaona udanganyifu. Jukwaani ninakubaliana nao kabisa: mtu amelipa kiingilio asikie sauti hai, ukimwekea wimbo uliorekodiwa ukamchezea midomo, umemdhulumu. Kwenye kichupa mambo ni tofauti. Mwimbaji akiimba upya katika kila teki, kila mara ataimba tofauti kidogo, hapa amewahi, pale amechelewa, na mhariri hataweza kuiunga teki ya asubuhi na ya jioni bila wimbo kukatika. Plebeki ndiyo inayoshikilia kila kitu mahali pake. Na kwa ndege tunayoizungumzia, jaribu kufikiria kuweka vipaza sauti ndani ya ndege ya mizigo yenye injini nne.

Wanaoacha plebeki wapo, na OK Go wenyewe walifanya hivyo mara moja. Toleo la kwanza la video ya “This Too Shall Pass”, lililotoka Januari 2010, lilipigwa uwanjani huko Indiana wakiwa na bendi ya matarumbeta ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, na sauti unayoisikia ni ya palepale nyasini. Ukilisikiliza kisha ukasikiliza wimbo wa albamu, utajua mara moja kwa nini wengi hawathubutu.

Hakuna aliyezima mvuto wa Dunia

Sasa tuje kwenye kuelea. Imani iliyoenea ni kwamba ukipanda juu vya kutosha, mvuto wa Dunia unakwisha. Haukwishi. Ndege ikiwa kilomita 10 juu, mvuto umepungua kwa takriban asilimia 0.3 tu. Hata kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, kilomita 400 hivi kutoka ardhini, mvuto uliopo ni karibu asilimia 90 ya huu tunaousikia sisi hapa chini. Kama mvuto ungekuwa umekwisha kule, kituo chenyewe kisingezunguka Dunia. Kingeondoka zake moja kwa moja.

Wanaanga wanaelea kwa sababu wanaanguka. Wao na chombo chao wanaanguka pamoja kwa kasi ileile, huku wakienda mbele kwa mwendo mkubwa mno kiasi kwamba kila wanavyoanguka, uso wa Dunia nao unapinda chini yao na hawaufikii.

Kama hili ni gumu kuliamini, lifanyie jaribio uani. Chukua chupa ya maji ya plastiki, toboa tundu ubavuni karibu na kitako, ijaze maji na uiache bila kifuniko. Maji yanachuruzika kupitia tundu, kama ulivyotegemea. Sasa inyanyue juu uwezavyo, uiachie ianguke. Muda wote chupa ikiwa njiani, maji yanaacha kutoka. Mvuto haujaondoka, na ndio unaoiangusha chupa. Ila chupa na maji vinaanguka kwa pamoja, kwa hiyo maji hayana yanachokisukuma wala kinachoyasukuma. Uzito unaousikia wewe mwilini ni ule msukumo wa sakafu au kiti dhidi yako. Kiti kikianguka pamoja nawe, msukumo huo haupo, na unajiona huna uzito.

Ndege ya OK Go ilifanya kazi ya ile chupa. Ilikuwa Ilyushin Il-76, ndege kubwa ya mizigo ya Kirusi, iliyo kwenye kituo cha mazoezi ya wanaanga kinachobeba jina la Yuri Gagarin, karibu na Moscow. Ndani ilipangwa viti ifanane na ndege ya abiria. Rubani anainua pua ya ndege mpaka inapanda kwa mwinamo mkali, wa nyuzi 45 hivi, kisha anapunguza nguvu ya injini hadi zibaki zikishindana na upinzani wa hewa tu. Kuanzia hapo ndege inafuata njia ambayo jiwe lililorushwa lingeifuata: linapanda likipoteza kasi, linafika kileleni, linashuka. Na kuelea kunaanza ndege ikiwa bado inapanda. Wengi hawalitarajii hilo. Wanadhani ni lazima pua iwe imeelekea chini. Jiwe nalo linaanza kuwa huru pale linapoachana na mkono wako, haliwi huru pale linapoanza kushuka.

Halafu ndege lazima iokolewe isiendelee kushuka. Rubani anaivuta iinuke, na hapo waliokuwa wakielea wanalipa deni: kwa sekunde kadhaa kila mtu ana uzito wa karibu mara mbili ya kawaida. Mwenye kilo 70 anasikia kilo 130 na zaidi zimemlalia. Kisha ndege inatulia, inajipanga, inapanda tena.

Njia hii haikubuniwa na wanamuziki. Wamarekani na Wasovieti waliitumia kuwafundisha wanaanga tangu enzi za mashindano ya anga, na filamu ya “Apollo 13” ya mwaka 1995 ilipiga sehemu za kuelea kwa njia hiyohiyo, ndani ya ndege ya NASA.

Sekunde 27

Tatizo la OK Go lilianzia hapo. Kila mruko mmoja wa ndege uliwapa takriban sekunde 27 za kuelea. Wimbo una zaidi ya dakika tatu. Na kati ya mruko mmoja na mwingine zinapita dakika tano hivi. Bendi nyingine yoyote ingefanya jambo jepesi: piga vipande vingi, kata, unga, leo huyu anaelea, kesho yule, mtazamaji hatajali. Wao walitaka ionekane ni tukio moja lisilokatika, kuanzia wanapoondoka kwenye viti mpaka rangi inapowajaa. Ukitaka kujua tabia ya bendi hii ni ukaidi huo.

Suluhisho lao lina sehemu mbili, na ndizo zinazojibu lile swali la nusu kweli.

Sehemu ya kwanza: video yote ni teki moja, lakini teki hiyo ilidumu takriban dakika 45. Kamera iliwashwa, ndege ikafanya miruko minane mfululizo. Mruko wa kwanza wakacheza sehemu ya kwanza ya wimbo. Uzito ulipokaribia kurudi, kila mtu alikuwa ameshajiweka mahali pa kutua. Muziki ukasimamishwa. Wakabaki walivyo, dakika zile tano zikapita huku wamelemewa na uzito maradufu kisha uzito wa kawaida. Mruko wa pili ulipoanza, muziki ukafunguliwa pale ulipoishia, nao wakaendelea. Mara nane. Baadaye mhariri akaziondoa zile dakika za kusubiri, na mahali palipounganishwa pakalainishwa kwa kompyuta ili sura na mikono ya kabla ya kusubiri iyeyukie kwenye ile ya baada ya kusubiri. Kwa hiyo wanaosema haikukatwa wanaweza kushikilia kwamba kamera haikuzimwa, na wanaosema imekatwa nao wana haki yao. Ukitaka kuiona mishono, acha kuwatazama wanaopinduka, tazama zile nyakati ambazo wote wanatulia vitini au sakafuni kwa pamoja. Ajali haiwatulizi watu sita kwa wakati mmoja.

Sehemu ya pili ni ya ujanja zaidi. Wimbo ukiugawa kwenye vipande vinavyofuata mapigo yake, unapata vipande vya sekunde 21 hivi. Kwenye sekunde 27 za kuelea, sekunde sita zingepotea bure. Kwa hiyo ndani ya ndege walifungulia wimbo uliopunguzwa kasi, ule wa sekunde 21 ukavutwa ukajaza sekunde 27, na wao wakacheza na kufuatisha midomo kwa mwendo huo wa pole. Studio, picha iliongezwa kasi kwa asilimia 28.5 na kuurudia wimbo wake halisi. Aliyekulia na redio kaseti anakumbuka betri zilivyokuwa zikiisha, mwimbaji anakuwa na sauti nzito na ya uvivu. Fikiria ukiimba pamoja na kaseti hiyo huku unapigwa picha, kisha mtu anaweka betri mpya na kuirudisha picha yako pamoja na kaseti kwenye mwendo wake. Midomo inaingia barabara.

Matokeo ya pembeni ni ya kuchekesha: kwenye kitu ambacho watu wanakishangaa kwa sababu vitu vinaelea polepole, vitu hivyo kwa kweli vilielea polepole zaidi ya unavyoona.

Ujanja huu wa kasi umeuona mara nyingi bila kuujua, ila umegeuzwa. Kwenye video nyingi za Bongo Fleva mwimbaji anatembea kwa mwendo wa pole, nguo zinapepea taratibu, matone ya maji yananing'inia, lakini mdomo wake unaendana na wimbo sawasawa. Ilikuwaje? Wimbo ulipigwa lokesheni kwa kasi kubwa, labda mara mbili, naye akaimba mbio mbio kama anayefukuzwa, kamera ikinasa fremu nyingi zaidi kwa sekunde. Picha ilipopunguzwa kasi, mdomo ukarudi kwenye wimbo na kila kingine kikabaki taratibu. OK Go walikuwa wameshauzoea mchezo huu kabla ya ndege. Video yao ya “I Won't Let You Down” ya mwaka 2014, ile ya miavuli iliyopigwa Japani kwa droni, ilipigwa kwa wimbo wa nusu kasi kisha ikaongezwa mara mbili. Ndiyo maana wachezaji wake mamia kwa mamia wanaonekana wepesi kupita binadamu wa kawaida.

Kutapika na kupanga

Kabla ya ile teki iliyofaulu kulikuwa na wiki za kujifunza. Safari zilikuwa 21, kila safari miruko 15. Zidisha na sekunde 27 utapata takriban saa mbili na dakika ishirini za kuelea, ambazo ndizo muda wote waliokuwa nao wa kujifunza kujipindua, kugundua kwamba ukisukuma kiti kwa kidole unaruka mpaka dari, na kukariri mpangilio. Safari za mwanzo zilikuwa za kuchezea tu: leta mipira, leta maputo, tuone kinafanyaje. Kilichopendeza kikabaki.

Na watu walitapika. Masikio ya ndani, ambayo kazi yake ni kukuambia wapi ni chini, yanachanganyikiwa yakikosa jibu kila baada ya dakika chache. Bendi yenyewe ilimeza dawa. Hesabu waliyoitangaza wao kwa kikosi kizima ni matapishi 58, nami nadhani hiyo ndiyo takwimu inayoaminika kuliko zote kwenye hadithi hii, kwa sababu hakuna idara ya masoko ambayo ingeibuni.

Angalia pia mfuatano wa vitu. Rangi inakuja mwisho. Ikimwagika, hakuna kurudia kwenye safari hiyo: viti, kamera, nywele, vyote vimekwisha. Kwa hiyo kisichoweza kufutwa kinawekwa mwisho, ili wakikosea mwanzoni wawe wamepoteza mruko tu, wasiwe wamepoteza siku nzima.

Busara hiyohiyo, kwa sababu nyingine, waliitumia mwaka 2010 kwenye toleo la pili la “This Too Shall Pass”. Hilo lilipigwa kwenye ghala la ghorofa mbili huko Los Angeles, wakishirikiana na kundi la wahandisi na wasanii linaloitwa Syyn Labs. Walijenga mtambo mrefu wa vitu vinavyosukumana: kete ya dhumna inaangusha ya pili, gololi inabingirika, vifaa vinagonga glasi na kutoa noti za wimbo wenyewe, televisheni inapasuliwa, piano inaanguka, na mwishoni bendi inapigwa rangi usoni. Ukiitazama utaona vitu vidogo viko mwanzo, vikubwa mwisho. Mtazamaji anadhani ni kwa ajili ya msisimko kupanda. Ni kweli, lakini wahandisi walikuwa na sababu yao: kitu kidogo hakiaminiki. Vumbi kidogo, joto, sakafu iliyojipinda kwa unywele mmoja, gololi inakwenda kwingine. Piano haihangaishwi na vumbi. Dhumna zikigoma sekunde ya kumi unazipanga upya kwa dakika chache; zingegoma baada ya piano kuanguka, watu wangelia.

Na hilo linatuleta kwenye sifa ya teki moja, ambayo mashabiki wanaitetea kama dini. Walianza nayo kwa umaskini. Video iliyowafanya wajulikane duniani, “Here It Goes Again” ya mwaka 2006, ilipigwa nyumbani kwa Trish Sie kwa kamera moja isiyosogea, wao wanne wakicheza juu ya mashine nane za mazoezi ya kukimbia. Walirudia mara 17 mpaka ikakubali. Haina mshono hata mmoja, na mwaka 2007 ikashinda tuzo ya Grammy ya video fupi. Mtambo wa 2010 ulihitaji makumi ya majaribio ndani ya siku mbili, na unaonekana umepigwa kwa pumzi moja, ingawa kuna muungano mmoja pale mapazia yanapofunguka. Je, hiyo inaifuta kazi? Kwangu haifuti. Piano ilianguka, mtambo ulitembea, watu walikesha wakipanga dhumna. Ninachokataa ni kuambiwa mshono haupo.

Nani alilipa?

Swali hili huulizwa mara chache, na ndilo lenye majibu mazito. Ndege ya kirusi na saa za rubani si vitu ambavyo bendi ya roki inajilipia kwa kuuza nyimbo. Video ya ndege ilidhaminiwa na S7, shirika la ndege la Urusi. Ndiyo maana wahudumu wale wamevaa sare. Mtambo wa 2010 ulidhaminiwa na kampuni ya bima ya State Farm. Kigari cha kuchezea kinachoonekana mwanzoni kina nembo yake.

Mashabiki wengine wanaona hapo sanaa imeuzwa. Wangesikia upande wa pili. Mwanzoni mwa mwaka 2010 bendi ilikuwa chini ya kampuni ya rekodi ya EMI, na kampuni hiyo ilizuia video zao zisipachikwe kwenye tovuti nyingine nje ya YouTube, kwa sababu ilikuwa inalipwa pale tu video inapotazamwa ndani ya YouTube kwenyewe. Kwa bendi iliyojulikana kwa sababu watu walipachika na kusambaza video yake, hiyo ilikuwa kufungwa mdomo. Kulash aliandika kwenye gazeti la New York Times Februari mwaka huo kwamba baada ya zuio, utazamaji wa video ya mashine za kukimbia ulishuka kwa asilimia 90. Mwezi Machi wakaachana na EMI na kufungua lebo yao, Paracadute. Tangu hapo mdhamini akachukua nafasi ya lebo: anagharamia video, nembo yake inaonekana kidogo, video inabaki huru kusambaa. Bendi inaingiza kipato kwingine. Unaweza usiupende mpango huo, lakini usifikiri kabla yake walikuwa huru.

Ikigeuzwa kinyume

Mwezi Novemba mwaka huohuo wa 2016, bendi ilitoa video nyingine, “The One Moment”, safari hii kwa udhamini wa chumvi ya Morton, na hapo saa ilivutwa upande mwingine. Sehemu kubwa ya video ile ilitokea kwa sekunde 4.2. Ndoo za rangi zilipasuka, maputo ya maji yakalipuka, chumvi ya rangi ikarushwa, vyote vikiwashwa kwa mpangilio wa kompyuta uliohesabiwa kwa sehemu ndogo ndogo za sekunde, kisha picha ikapunguzwa kasi mpaka ikajaza dakika kadhaa za wimbo. Milipuko ilipigwa mahesabu kurudi nyuma: kama pigo la ngoma linaanguka dakika ya pili ya wimbo, kitu hiki kilipuke baada ya sekunde ngapi na pointi ngapi?

Hapo plebeki ikafika mwisho wa kamba yake. Kuharakisha wimbo mara mbili ili mwimbaji aufuatishe, inawezekana. Kuubana wimbo mzima ndani ya sekunde nne, mdomo wa mtu hauwezi hata kufunguka. Wakatumia vijitabu vya picha, vile ambavyo ukiachia kurasa zipite upesi chini ya kidole gumba unaona picha inatembea. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya sura ikiwa kwenye silabi yake. Kurasa zilipita kufumba na kufumbua, kamera ya kasi ikazinasa zote, na zilipopunguzwa mwendo, sura ile ya karatasi ikaimba ubeti wake sawasawa na wimbo.